Magauni Ishirini na Sita Yasiyotakiwa

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimejibanza nyuma ya pazia la kupimia nguo, pumzi nimezibana, na Mkuu wa chuo cha uuguzi amesimama mlangoni ananiulizia.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza, nitaeleza kwa kifupi. Mimi ni fundi cherehani. Niliacha kazi kiwandani nikafungua chumba changu mwenyewe, na tangu siku hiyo mambo yangu yamekuwa yakienda mrama. Cherehani ya kwanza iliungua mota. Nikahamishwa chumba mara mbili. Wateja wakaanza kunikimbia mmoja mmoja, nami nikamtupia lawama fundi mwenzangu wa upande wa pili wa korido, ambaye watu humwita Mkasi. Nikabaki na wifi yangu, dada wa mume wangu, anayenisaidia kutia vifungo na kupinda, na kazi moja kubwa: sare ishirini na sita za wanafunzi wa uuguzi wanaoingia wodini Jumatatu.

Kazi hiyo ndiyo iliyobaki kukishikilia chumba. Mkuu aliniahidi kwamba nikiifanya vizuri, sare za chuo za kila mwaka zitakuwa zangu. Nikiiharibu, nirudi kiwandani nikaombe kazi kwa wale wale niliowaaga kwa mbwembwe.

Sasa kuna jambo ambalo wiki iliyopita sikuliandika. Niliona aibu. Lakini nimeshaanza kujianika humu gazetini, hakuna faida ya kuficha nusu.

Mkuu alipoleta jora la kitambaa cha kijani Jumatatu jioni, alinipa na karatasi ya vipimo, akaniambia: "Fundi, usikate kwanza. Hospitali bado hawajaamua mshono. Kesho nitakuthibitishia." Nikamjibu sawa, tena kwa tabasamu. Hata gari lake halijapinda kona, mkasi ulikuwa mkononi.

Mafundi wenzangu mnajua kwa nini. Kitambaa kizima si chako. Mteja anaweza kuamka asubuhi, akaja kukikunja na kukipeleka kwa mwingine. Kikishakatwa hakiondoki. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa na yule aliyenifundisha kazi, na yeye alifundishwa hivyo hivyo: mteja akigeuza mgongo, kata. Kata hata mkono mmoja tu. Atakungoja, apende asipende.

Mimi sikukata mkono mmoja. Nilikata magauni yote ishirini na sita, nikayafunga mafurushi mafurushi, kila furushi na karatasi ya jina lake, nikalala usingizi mzito kama mtu aliyefanya jambo la maana.

Basi turudi nyuma ya pazia.

Wifi alimwambia Mkuu kwamba nimetoka. Mkuu akauliza nimekwenda wapi. Wifi akasema nimekwenda kununua uzi. Nami nilikuwa nimesimama pale pale, kichwa kimeegemea rafu yenye uzi wa rangi zote.

"Nimempigia simu mara sita," Mkuu alisema. "Tangu jana asubuhi nimemtumia ujumbe. Hospitali wamekataa magauni. Wanataka shati fupi na suruali. Natumaini hajakata."

Sikuwa nimeona ujumbe wowote. Simu yangu ilikuwa ndani ya kopo la vifungo, imezimwa mlio na kulazwa kifudifudi, na pale ilikuwa na siku ya tatu. Mnataka kujua kwa nini? Kwa sababu ikilia najua ni nani. Ni mtu anaulizia nguo yake, nami sina la kumwambia ambalo sijamwambia tayari. Kwa hiyo simu yangu huishi na vifungo.

Nikachungulia kwenye upenyo wa pazia. Wifi alikuwa ameketi juu ya mafurushi ya magauni, sketi ameitandaza vizuri ili yasionekane.

"Hajakata," alisema wifi.

Mkuu alisimama kidogo, akashukuru, akaondoka.

Nilipotoka nilitaka kumkumbatia wifi yangu. Yeye alikuwa ameshaanza kukusanya vitu vyake: miwani, sindano zake, kanga ya kufunika magoti. Alifanya taratibu, bila kunitazama, na mimi namfuata nyuma nikieleza. Nikasema tutatafuta njia. Nikasema Mkuu naye ana makosa, kwa nini alete kitambaa kabla mshono haujaamuliwa. Nikasema hospitali gani inabadilisha nguo wiki ya mwisho.

"Wifi," alisema, "leo nimemdanganya mtu mzima mwenzangu, tena nimeukalia ushahidi. Mpigie simu sasa hivi umwambie."

Nikamwambia nitampigia nikishapata ufumbuzi. Huwezi kumpelekea mteja tatizo tupu.

"Hivyo ndivyo ulivyosema kwa gauni la yule bibi harusi. Ukatafuta ufumbuzi mpaka akaolewa na nguo ya kuazima."

Hilo lilinichoma. Nikajibu vibaya. Sitaliandika nililomjibu, maana mama mkwe wangu husomewa gazeti hili. Wifi akatundika mkoba begani.

"Siku utakayokuwa mtu wa kupokea simu, nipigie," alisema. "Mimi nitapokea."

Akaenda zake. Jioni ile nilibaki na cherehani mbili, mafurushi ishirini na sita na hasira za kutosha mtaa mzima. Nilimkasirikia Mkuu. Niliikasirikia hospitali. Nilimkasirikia wifi kwa kuwa amesema kweli. Nikajaribu kupanga vipande vya gauni moja nione kama suruali inaweza kutoka. Haitoki. Gauni limekatwa kufuata kiuno na limemwagika chini, na suruali inahitaji urefu ulionyooka na mahali pa makalio. Nilipanga na kupangua mpaka kitambaa kikachafuka kwa chaki.

Alhamisi asubuhi nilipofungua chumba nilikuta simu yangu juu ya meza ya kukatia. Imelazwa uso juu, chaji imejaa. Wifi alikuwa ameitoa kwenye kopo kabla ya kuondoka, akaichomeka kwenye soketi ya pasi, na mimi kwa hasira zangu sikuiona.

Nikajikaza kisabuni nikaifungua.

Msomaji mmoja aliniandikia kupitia kwa mhariri kwamba dawa ya matatizo yangu ni kupokea simu. Ahsante sana, ndugu yangu. Laiti ungejua kinachokaa humo ndani. Kulikuwa na ujumbe wa mtu anauliza blauzi ya mama yake, akieleza kwamba shughuli imeshapita lakini bado anaitaka. Kulikuwa na mwingine ameandika tu: "Fundi?" Siku iliyofuata ameandika tena: "Fundi?" Siku ya tatu ameacha.

Ujumbe wa Mkuu uliingia Jumanne, saa mbili na dakika kumi asubuhi. Umeandikwa vizuri, una kila kitu: shati fupi mpaka nyongani, mifuko miwili, suruali, hospitali imekataa magauni, tafadhali jibu kwamba umepata. Baada yake simu sita ambazo sikuzipokea. Na wa mwisho, wa Jumatano jioni, saa moja baada ya wifi kumwambia kwamba sijakata: "Fundi, hata kama kuna tatizo, niambie tu."

Nilikaa chini. Nilipousoma huo wa mwisho nilitamani angenitukana.

Nikampigia. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi ya vipimo ili nisikwame. Simu ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Ikaita. Mara ya tatu ikaita kidogo halafu ikakatwa, yaani mtu ameitazama, ameona ni mimi, ameibonyeza. Nikabaki nimeishika sikioni na hakuna mtu upande wa pili. Kumbe ndivyo inavyokuwa. Wateja wangu wote wamesimama hapo niliposimama, miaka miwili sasa, na sikuwahi kuwafikiria.

Muda huo huo nikasikia cherehani ya Mkasi upande wa pili wa korido, inatembea kama kawaida yake.

Na Mkasi, mwaka mzima na zaidi hatujasalimiana. Nilimwambia mbele ya watu kwamba ananiibia wateja, kwamba anakaa mlangoni makusudi ili awavute wanaotoka kwangu. Alirudi kwenye kiti chake akaendelea kupiga pasi. Sasa nilikuwa nimesimama mlangoni pake na furushi moja la gauni mkononi.

"Karibu, dada," alisema, kama vile tuliachana jana.

Nikamweleza. Nilianza kwa kuzunguka, nikamlaumu huyu na yule, akanisikiliza huku anapitisha uzi kwenye sindano. Nilipofika mwisho akaniuliza swali moja tu: mwenye kitambaa anajua? Nikasema bado. Akasukuma furushi likarudi upande wangu wa meza.

"Mimi siwezi kugusa kitambaa cha mtu bila mwenyewe kujua," alisema. "Nenda ukamwambie, kisha urudi."

Nikamwambia simu haipokelewi. Akasema basi miguu ipo. Hapo hasira zikanipanda. Nikamwambia ni rahisi kwake kusema hivyo, yeye ambaye wateja wangu wote wamehamia kwake na wala hajui ilivyo kukaa kwenye chumba kitupu.

Mkasi aliweka sindano chini. Alivuta droo, akatoa daftari dogo la shule, akalifungua mbele yangu. Nilidhani ni hesabu zake. Yalikuwa majina ya wateja na namba za simu, na mbele ya kila jina alama za kalamu, moja kila siku.

"Kila jioni saa kumi na moja nafunga cherehani, napiga simu," alisema. "Nguo ikiwa tayari nawaambia. Ikichelewa nawaambia imechelewa, na kwa sababu gani, na lini itakuwa tayari. Hata nikiwa sina jipya nawaambia sina jipya. Wengine wananisema vibaya. Lakini kesho yake wanakuja. Dada, mimi sikushindi kushona. Mshono wako wa kola mimi siuwezi, na wateja wenyewe wananiambia. Walikuja kwangu kwa sababu kwako hawajui kama uko hai."

Mwaka mzima nilikuwa nimemchukia mtu kwa ajili ya daftari la shule. Sikujua niangalie wapi. Nikalitazama lile gauni.

Nadhani alinionea huruma, maana alivuta furushi akalifungua. Akapima kwa mkono, akachora kwa chaki mstari chini ya nyonga. Akasema ukikata hapa unapata shati. Kipande cha chini kitatoa mifuko na mkanda. Suruali itafutiwe kitambaa kingine. Wauguzi wa hospitali ile ile anawashonea, wao juu ni kijani na chini ni buluu iliyoiva, kwa hiyo Mkuu akikubali, hospitali haitakuwa na neno.

Nikauliza buluu ipo. Akanionyesha jora lililobaki kwenye kazi ya walinzi. Tulilipima pamoja, mara mbili, mimi nimeshika ncha moja na yeye nyingine. Suruali kumi na nne. Nikasema nitakimbilia duka la jumla kuongeza. Akacheka kidogo, bila furaha. Shule zimefunguliwa majuzi, buluu imekwisha madukani kote, mzigo unaingia Alhamisi ijayo.

"Shona moja ya mfano," alisema. "Hilo gauni ulishaliharibu, ukiliharibu tena hapatakuwa na tofauti. Suruali nitakukatia mimi, kitambaa ni changu. Nenda nayo. Na dada, ukifika, anza na lililo baya. Usianze na hali ya hewa."

Kabla ya saa sita nilikuwa nimemaliza shati na suruali moja, nimezipiga pasi, nimezikunja ndani ya mfuko. Nikafunga safari kwa miguu mpaka chuoni.

Katibu wa Mkuu ni dada mmoja mwenye kucha ndefu na maneno mafupi. Aliniambia Mkuu yuko kwenye kikao. Nikasema nitasubiri. Akasema kikao ni kirefu, nirudi Jumatatu. Nikasema Jumatatu ndiyo yenyewe, ikifika nimekwisha. Akasema basi niache ujumbe. Nikamwambia mimi ndiye ujumbe. Hakucheka.

Nikakaa kwenye benchi la ukumbini. Saa saba ikapita. Saa nane ikapita. Katibu alitoka kwenda kula, akarudi, akanikuta. Akaniambia tena, kwa sauti ya kumweleza mgonjwa, kwamba leo haiwezekani. Nilitamani kuinuka. Nawaambieni ukweli, nilitamani sana. Nilishatunga na la kumwambia Mkasi: kwamba nilijaribu, nikazuiwa. Ningerudi zangu nyumbani na kisingizio kizuri, kimenyooka, hakina kasoro. Mimi ni bingwa wa visingizio, nashona visingizio vizuri kuliko magauni.

Lakini nilikuwa nimechoka kujificha. Si kwamba nilipata ujasiri, hapana. Nilichoka tu. Nikabaki kwenye benchi na mfuko wangu mapajani mpaka makalio yakafa ganzi.

Saa tisa mlango ukafunguliwa. Mkuu aliniona, akasimama, akamwambia katibu aniache niingie.

Ni mama wa makamo, mfupi, anavaa miwani iliyofungwa uzi shingoni. Alikaa. Hakunikaribisha kiti. Nikafungua mdomo nianze na lililo baya kama nilivyoagizwa, na mdomo wangu ukatoa hivi: "Mkuu, unajua wiki hii umeme..."

Aliinua mkono mmoja.

"Fundi, jana nilikuona," alisema. "Pazia lako halifiki chini. Ulikuwa umevaa ndala moja ya buluu na moja nyekundu. Nilikusubiri utoke. Nikaondoka ili nisikuaibishe mbele ya wifi yako."

Umeme ukaishia hapo.

"Ulikata?"

"Nilikata."

"Lini?"

"Jumatatu. Ulipoondoka tu."

"Nilikwambia nini?"

"Uliniambia nisikate."

Nikamweleza sababu, kwamba nilihofia angekipeleka kwa fundi mwingine. Nikamweleza habari ya simu na kopo la vifungo. Sikumtaja Mkuu kwa lawama, sikuitaja hospitali, na cherehani yangu sikuisingizia hata kidogo. Mambo yakatoka mfululizo, na kila lililotoka lilikuwa baya kuliko nilivyolidhania, kwa sababu yakisemwa kwa sauti hayana pa kujificha. Kisha nikatoa shati na suruali nikazitandaza mezani pake.

Alizishika. Akageuza kola, akavuta mshono wa bega, akaingiza mkono mfukoni. Akaniuliza buluu imetoka wapi, nikamwambia kwa Mkasi, na kwamba yeye ndiye aliyegundua njia. Akasema buluu inakubalika. Akasema kola ni nzuri. Nikaanza kupumua.

"Ngapi kufikia Jumatatu asubuhi?"

Neno "zote" lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lilikuwa limeshavaa viatu. Miaka yote nimekuwa nikilitoa bila kufikiri, watu wanafurahi, wanaondoka, na mimi napata siku chache za amani.

"Kumi na nne," nilisema. "Kumi na mbili zilizobaki, Ijumaa ya wiki ijayo. Kitambaa hakipo mahali popote. Mkasi ndiye aliyeniambia."

Mkuu alivua miwani. Akafuta kioo kwa ncha ya kitambaa cha kichwani, na nilipoona uso wake bila miwani niliona kwamba amechoka kuliko mimi.

"Hospitali inapokea siku moja tu," alisema. "Wanaandikwa Jumatatu saa moja asubuhi, mlangoni, wakiwa na sare kamili. Asiyeandikwa anangoja zamu nyingine, miezi mitatu. Kuna humu waliokopewa na ndugu zao wakafika hapa. Kuna mwenye mtoto mdogo. Ungeniambia Jumanne, ningekuwa na siku sita. Buluu ningeifuata mwenyewe mji wa pili, nina watu huko. Leo ni Alhamisi saa tisa, na mabasi ya huko yameshaondoka, na kuanzia kesho wenye maduka huko wanafunga mpaka Jumatatu. Fundi, kitambaa ningekusamehe. Ulichoniharibia ni siku mbili."

Nilisema samahani. Nilisema mara tatu au nne. Neno lenyewe lilikuwa dogo mno kwa shughuli niliyoipa.

Nikasema nitakwenda mwenyewe mji wa pili, nitapanda chochote. Akatikisa kichwa. Nikasema labda hospitali ikiombwa. Akasema ameshaomba mara moja, kuhusu magauni, na jibu nimelisoma kwenye simu yangu, kama nimelisoma.

Akasimama. Akachukua shati na suruali, akachukua na karatasi kutoka kwenye faili, akaniambia nimfuate. Nilidhani ananisindikiza mpaka getini. Tulipita ukumbini mbele ya katibu, tukapanda ngazi, tukaingia darasani.

Walisimama wote kwa pamoja, viti vikakwaruza sakafu. Karibu wote vijana, wasichana wengi, wavulana wachache, na mama mmoja mwenye umri wangu aliyeketi karibu na dirisha. Walipoona nguo mkononi mwa Mkuu nyuso zikachangamka. Mmoja akampiga mwenzake kiwiko. Mwingine akanong'ona kwamba zina mifuko.

"Huyu ndiye fundi wenu," Mkuu aliwaambia. "Ana habari."

Akajitoa pembeni, akaniacha peke yangu mbele ya ubao.

Niliwatazama. Nilivijua vipimo vyao vyote, mabega, viuno, urefu wa mikono, na sikuwa nimewahi kuona uso hata mmoja. Nikaanza na lililo baya. Niliwaambia kwamba Jumatatu sare zitakuwa kumi na nne. Niliwaambia kwamba kosa si la chuo wala la hospitali, ni langu, niliambiwa nisikate nikakata, na nilitumiwa ujumbe nisiusome.

Hakuna aliyenifokea. Ningeshukuru kama wangenifokea. Zile nyuso zilizochangamka zilizimika moja baada ya nyingine, kuanzia mbele kwenda nyuma, kadiri kila mmoja alivyokuwa akipiga hesabu. Yule mama wa dirishani alikaa chini bila kuambiwa.

Msichana mmoja wa safu ya pili, mrefu, akainua mkono. Alizungumza kwa adabu, kama anayemwuliza mwalimu.

"Mama, hao kumi na wanne ni akina nani?"

Nikamgeukia Mkuu. Nilikuwa na hakika kwamba hilo ni lake. Yeye ndiye anayewajua, yeye ndiye mwenye alama zao na habari zao.

Mkuu alinyoosha mkono akanipa ile karatasi. Ilikuwa orodha ya majina, ishirini na sita, mistari imenyooka, hakuna alama yoyote. Juu yake akaweka kalamu.

"Ningekuwa na zile siku mbili, swali hilo lisingehitaji kuulizwa," alisema, bila kupandisha sauti. "Wewe ndiye uliyekata, fundi. Utawachagua wewe, hapa, mbele yao."

Nikasema siwezi. Mkuu akavuta kiti akaketi, mikono mapajani, ananitazama kama wale wengine wote.

Nikashusha macho kwenye karatasi. Herufi zilikuwa zinacheza. Nyuma ya darasa mtu alikuwa analia kwa kujizuia, na sikuthubutu kuangalia ni nani.

"Tusomee, Mama," alisema yule msichana mrefu. Bado alikuwa amesimama. "Tumeshasubiri vya kutosha."